Meza ya komadre na karatasi mbili za kura

Oktoba 2024, Jumapili jioni, mtaa wa Maryvale, magharibi mwa Phoenix, Arizona. Mwezi huo joto lilivunja rekodi siku baada ya siku, na feni ya jikoni kwa rafiki yangu ilikuwa inazungusha hewa ileile ya moto. Mezani palikuwa na sufuria ya maharage, tortilla zimefunikwa kwa kitambaa, na hapo katikati ambapo kwa kawaida hukaa pilipili, karatasi za kura. Mbili, ndefu, zimeandikwa mbele na nyuma, Kiingereza na Kihispania vikibanana kama abiria wa matatu.

Tulikuwa sita. Mwenye nyumba na mumewe, ambao hawana makaratasi ya kuishi nchini. Binti yao mkubwa, aliyeletwa kutoka Sonora, Meksiko, akiwa na miaka 3, anayeishi kwa kibali cha DACA, kile cha walioletwa wakiwa watoto bila makaratasi, kinachohuishwa kila baada ya miaka 2. Binti wa pili, miaka 19, mzaliwa wa hapahapa Phoenix. Kitinda mimba, mvulana wa miaka 12. Na mimi, Mkenya wa Mombasa niliyechukua uraia wa Marekani, ambaye kura yangu nilikuwa nimekwisha kuirudisha kwa posta. Basi katika meza ya watu sita karatasi zile zilikuwa na mwenyewe mmoja tu, na mwenyewe huyo alikuwa anapekua droo akitafuta kalamu ya wino mweusi.

Huyu rafiki namwita komadre. Mimi ndiye mama wa ubatizo wa mwanawe wa mwisho, na kwa Wameksiko uhusiano huo una jina lake, tena una uzito kuliko undugu wa kuzaliwa. Kwa Kiswahili cha pwani ningemwita shoga yangu, kama mama zetu walivyoitana, lakini neno hilo limekwisha nyang'anywa. Komadre linatosha. Tulikutana 2011 tukisafisha vyumba katika hoteli moja: yeye ananisukumia toroli la shuka, mimi namfundisha kusema "pole", neno ambalo alilipenda kwa sababu, alisema, Kihispania hakina neno la kumwonea mtu huruma bila kukiri kosa.

Nimeandika haya kwa sababu kila uchaguzi wa Marekani watu wa nyumbani hunipigia kuniuliza nani atashinda urais. Hakuna anayeniuliza kuhusu ukurasa wa nyuma wa karatasi ya kura, penye maswali ya sheria yanayojibiwa ndiyo au hapana. Mimi kwa miaka yangu huku nimeona kwamba kilichobadilisha maisha ya komadre, saa zake za kazi, darasa lake, karo ya mwanawe, kilitoka ukurasa wa nyuma.

Kura yangu ya kwanza ya maoni niliipiga Likoni, Novemba 2005. Ukiitaka katiba mpya, ndizi. Ukiikataa, chungwa. Nyanya yangu ambaye hakuwahi kukaa darasani alilielewa swali zima kabla hajatoka nyumbani, na chungwa likashinda.

Arizona haina matunda. Ina namba. Katiba ya jimbo hili, iliyoanza kazi 1912, inaruhusu raia kukusanya saini na kupeleka sheria moja kwa moja kwa wapiga kura, bila kupitia bungeni. Bunge la jimbo nalo linaweza kupeleka maswali yake, na Novemba 2024 lilijituma kwelikweli: kati ya mapendekezo 13 kwenye karatasi, 11 yalitoka bungeni na 2 tu yalitokana na saini za raia. Namba yenyewe inakuambia swali limetoka wapi. Zinazoanzia 100 zinagusa katiba ya jimbo. Za 200 ni sheria zilizoletwa na saini za raia. Za 300 ni sheria zilizoletwa na bunge. Komadre anazijua kama mimi nilivyojua namba za matatu za Mombasa. Ukimtajia 206 uso unafunguka. Ukimtajia 300, anafunga mdomo na kuanza kufuta meza ambayo haina uchafu.

Pendekezo la kwanza kabisa la raia katika jimbo hili, Novemba 1912, lilikuwa la kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, na lilipita kwa zaidi ya theluthi mbili. Wanaume wa Arizona wanasifiwa kwa hilo, miaka 8 kabla ya nchi nzima. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba mwaka huohuo jimbo lilikuwa na sharti la kusoma Kiingereza ndipo uandikishwe, na sharti hilo liliwafungia nje wanawake wengi wa asili ya Meksiko ambao familia zao zilikuwa hapa kabla ya mpaka kusogezwa. Mlango ulifunguliwa, kizingiti kikainuliwa.

Sasa nirudi kwenye 300.

Komadre alifika 2003. Alipata kazi kwenye dobi ya hoteli, kukunja taulo usiku, na jioni tatu kwa wiki alikwenda darasa la Kiingereza la watu wazima lililolipiwa na serikali ya jimbo, katika shule ya msingi karibu na kwake. Alikuwa amefika ngazi ya pili. Ananisimulia hadi leo kwamba kitabu kilikuwa na picha ya familia ikinunua tikiti maji, na kwamba mwalimu, mzee mmoja mstaafu, alimwambia matamshi yake ya "th" yalikuwa mazuri kuliko ya darasa zima.

Tarehe 7 Novemba 2006 wapiga kura wa Arizona walipita kwenye karatasi yao na kujibu maswali manne yanayowahusu watu kama yeye. Pendekezo 100 lilinyima dhamana washtakiwa wa makosa makubwa wasio na makaratasi. Lilipita kwa asilimia 78 na miaka 8 baadaye mahakama ya rufaa ya shirikisho ikalifuta. Pendekezo 102 liliwanyima watu hao fidia ya adhabu katika kesi za madai, asilimia 74. Pendekezo 103 likafanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya jimbo, asilimia 74 tena. Na Pendekezo 300, asilimia 71, likasema wasio na makaratasi hawatapewa karo nafuu ya wenyeji wa jimbo katika vyuo vya umma, hawatapata msaada wa serikali wa kulea watoto wakiwa kazini, wala hawataruhusiwa katika madarasa ya watu wazima yanayolipiwa na jimbo. Yakiwemo ya Kiingereza.

Soma tena hapo. Siku moja, karatasi moja, kalamu moja. Swali la juu: Kiingereza kiwe lugha rasmi? Ndiyo. Swali la chini: mama huyu aendelee kufundishwa Kiingereza? Hapana. Sijawahi kumpata mtu wa kunieleza ukinzani huo kwa utulivu. Sidhani wengi wao waliuona. Ukurasa ni mrefu, watu wamesimama foleni, kila swali lina maneno "wahamiaji haramu", na mkono unakwenda wenyewe.

Mapema 2007 mwalimu alisimama mbele ya darasa na fomu mkononi. Ilibidi kila mwanafunzi aonyeshe uthibitisho, na sheria ilidai hata idadi ya waliokataliwa iripotiwe bungeni mara mbili kwa mwaka. Komadre hakungoja kuitwa jina. Aliinuka, akachukua mkoba, akasahau kitabu. Mzee yule alimfuata hadi kwenye maegesho akampa kile kitabu. Hakusema kitu. Kitabu bado kipo, kwenye rafu moja na picha ya Bikira wa Guadalupe.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo linaloniudhi na kunichekesha kwa pamoja. Siku ileile ya Novemba 2006 wapiga kura walewale walipitisha Pendekezo 202, lililopandisha kima cha chini cha mshahara Arizona kutoka dola 5 na senti 15 za shirikisho hadi dola 6 na senti 75. Asilimia 65. Kuanzia Januari 2007 komadre alilipwa zaidi kwa kukunja taulo na akafukuzwa darasani mwezi unaofuata. Mkono uliompa ndio uliomnyang'anya, na hakuna hata mmoja wa hao wapiga kura aliyekuwa anamwazia.

Sheria ikipitishwa na wananchi Arizona haiondoki kirahisi. Mwaka 1998 wapiga kura walijiwekea kinga: bunge haliwezi kufuta kilichopitishwa kwa kura, na kukirekebisha kunahitaji robo tatu ya wabunge, tena marekebisho yasaidie lengo la sheria yenyewe. Ni kinga nzuri ukiwa upande wa ndani. Kwa familia hii maana yake ilikuwa kwamba 300 ingeondoka kwa njia moja tu, watu wengine waulizwe swali jingine siku nyingine. Wakati huo mtoto anakua.

Binti mkubwa alimaliza sekondari Mei 2018. Kwa miaka michache kabla yake vyuo vya jamii vya Maricopa, kaunti yetu hapa, vilikuwa vinawatoza vijana wa DACA karo ya wenyeji, kesi ikiwa mahakamani. Aprili 2018, mwezi mmoja kabla hajavaa joho, Mahakama ya Juu ya Arizona iliamua kwamba hapana, sheria ya 2006 inawazuia. Alikuwa na umri wa miaka 6 sheria ile ilipopigiwa kura. Alikuwa amesoma darasa la kwanza hadi la kumi na mbili katika jimbo hili, anajua wimbo wa shule, anajua majina ya milima, na chuo kilichokuwa dakika 12 kwa basi kilimwandikia bili ya mtu wa kutoka mbali. Aliweka bili ile ndani ya kile kitabu cha tikiti maji, kwenye rafu. Akaenda kufanya kazi kwenye duka la matairi.

Novemba 2022 swali likarudi kama Pendekezo 308: kijana aliyesoma sekondari Arizona angalau miaka 2 na akahitimu hapa alipe karo ya wenyeji, awe na makaratasi au asiwe nayo. Lilipelekwa na bunge lenyewe, kwa kura za vyama vyote viwili. Binti hakuwa na kura, basi akatembea. Wikendi za Septemba na Oktoba alipiga hodi mlango hadi mlango, chupa ya maji ya barafu mkononi, akiwaeleza watu wasiomjua maisha yake kwa dakika mbili. Niliwahi kumsindikiza. Mzee mmoja alisikiliza yote, akamuuliza kama amekula, akasema atafikiria. Mama mmoja wa Kilatino, raia, alifunga mlango kabla hajamaliza sentensi. Lilipita kwa asilimia 51.2. Tulingoja siku kadhaa kura zikihesabiwa, na komadre alikuwa anaamka usiku kutazama simu ambayo kwa Kiingereza haielewi vizuri, kwa sababu ambazo nimekwisha zieleza.

Asilimia 71 kwenda kunyima, 51 kwenda kurudisha, na katikati miaka 16. Anasomea uhasibu sasa, jioni.

Hapo nimeeleza upande wa kuumiza kwa sababu ndio uliomchukua miaka mingi. Lakini kuna 206.

Novemba 2016 nilikuwa raia wa miezi michache na hiyo ndiyo kura yangu ya kwanza Marekani. Watu wanaikumbuka siku hiyo kwa jambo jingine. Mimi naikumbuka kwa Pendekezo 206, lililopita kwa asilimia 58: kima cha chini kipande hadi dola 12 ifikapo 2020 na baada ya hapo kifuate bei za vitu, na kila mfanyakazi apate likizo ya ugonjwa yenye malipo. Saa moja kwa kila saa 30 ulizofanya kazi, hadi saa 40 kwa mwaka kwenye sehemu yenye wafanyakazi 15 au zaidi, 24 kwenye sehemu ndogo. Sheria haiulizi makaratasi, inauliza saa.

Wasomaji wangu wenye ajira za ofisini hawatajua hili lina maana gani, basi nieleze. Mvulana, mwanangu wa ubatizo, ana pumu, na Phoenix ina vumbi ambalo Mombasa hatulijui. Akibanwa usiku, asubuhi lazima mtu abaki naye. Kabla ya Julai 2017 kubaki naye kulikuwa na bei: siku nzima ya mshahara, na jina lako kwenye orodha ya wasiotegemeka. Komadre alikuwa anafanya hesabu saa kumi na moja alfajiri, akisikiliza kifua cha mtoto, ya kama mlio ule unatosha kupoteza pesa ya umeme. Mara moja alimwacha kwa dada yake wa miaka 12 na inhela, akaja kazini, akasafisha vyumba 16 bila kusema neno. Mimi nilikuwa kwenye ghorofa moja naye. Nilidhani amenikasirikia.

Likizo ilipoanza, msimamizi wetu wa wakati huo alituambia ni lazima kuleta barua ya daktari hata kwa siku moja. Sivyo sheria ilivyosema. Barua inaweza kudaiwa kuanzia siku 3 mfululizo. Bahati nzuri sheria hiyohiyo ililazimisha bango libandikwe ukutani kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Komadre, aliyenyimwa Kiingereza kwa kura ya 2006, alisoma haki yake kwa Kihispania kwenye ukuta kando ya mashine ya kugongea saa, kwa kura ya 2016. Akalipiga picha. Akamwonyesha msimamizi simu bila kufungua mdomo. Saa zake 5 za kwanza zilionekana kwenye karatasi ya mshahara wa mwisho wa Agosti na alinipigia simu kunisomea mstari huo mmoja.

Saa hizo zinaruhusiwa pia kwa mtu anayeshughulikia kipigo cha nyumbani, kuhama, kwenda polisi, kwenda mahakamani. Mmoja wa wenzetu alizitumia hivyo. Sitasema zaidi ya hapo.

Kuna neno siku hizi, "kura ya Walatino", kana kwamba ni mti mmoja unaoutikisa embe zikaanguka. Sina subira nalo. Mwaka 2004 Arizona ilipitisha Pendekezo 200, la kudai uthibitisho wa uraia wakati wa kujiandikisha kupiga kura, na karibu nusu ya wapiga kura wa Kilatino waliohojiwa wakitoka vituoni walisema waliliunga mkono. Mwaka 2000 lilipita Pendekezo 203, lililoondoa sehemu kubwa ya ufundishaji wa lugha mbili mashuleni. Fedha zake nyingi zilitoka kwa Ron Unz, mfanyabiashara wa California aliyekwisha pitisha jambo hilohilo kwao mwaka 1998, lakini kwenye uongozi wa kampeni ya hapa walikuwemo Walatino wenyewe, wazazi na walimu. Komadre ananiambia wazi: angekuwa na kura, hiyo ya 2000 angeipigia ndiyo. Alitaka watoto wake wapate Kiingereza upesi, wasiwe kama yeye. Hadi binti mkubwa alipowekwa kwenye mpango wa saa 4 kila siku za sarufi ya Kiingereza huku wenzake wakifanya sayansi.

"Nilitaka ajifunze Kiingereza," anasema. "Sikutaka ajifunze Kiingereza tu."

California walichelewa kujuta lakini walijuta: 2016 waliifuta yao kwa zaidi ya asilimia 73. Arizona 203 bado ipo, ingawa bunge mwaka 2019 lililegeza ule mpango wa saa 4.

Na kwa kuwa nimeitaja California. Wapenda siasa husimulia Pendekezo 187 la 1994 kama hadithi yenye mwisho mwema. Lilikusudia kuwanyima wasio na makaratasi shule za umma na matibabu yasiyo ya dharura, na kumtaka mwalimu na muuguzi waripoti waliowashuku. Lilipita kwa asilimia 59. Jaji Mariana Pfaelzer akalizuia, halikutumika karibu kabisa, na Walatino wakachukua uraia kwa wingi, wakajiandikisha, wakabadilisha siasa za jimbo zima. Yote ni kweli. Lakini wasimulizi hawakai sana kwenye majuma yale baada ya kura, kabla hofu haijapoa, mama walipoacha kupeleka watoto zahanati kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti ya sheria iliyopita na sheria iliyozuiwa. Tangazo la matokeo hufika mtaani siku hiyohiyo. Amri ya mahakama hufika kwa mguu.

Turudi mezani, wali unapoa. Maharage, samahani, mkono umeandika wa nyumbani.

Binti alikuwa amepata kalamu. Kando yake palikuwa na kitabu cha maelezo ambacho jimbo hutuma kwa kila nyumba yenye mpiga kura, kinene, chenye hoja za kuunga na za kupinga. Ndugu yake mdogo ndiye aliyekuwa msomaji, kwa sababu anapenda sauti yake. Akafika Pendekezo 138, lililobeba jina tamu: Sheria ya Kuwalinda Wafanyakazi wa Bakshishi. Binti huyo ni mhudumu wa mkahawa, bakshishi ndiyo nusu ya maisha yake, basi akasogeza kiti. Mvulana akasoma mbele. Ulinzi wenyewe ulikuwa kwamba mwajiri aweze kumlipa mhudumu hadi asilimia 25 chini ya kima cha chini, mradi bakshishi zijazie. Kwa sheria iliyopo anaweza kupunguza dola 3 tu.

"Wananilinda dhidi ya nani?" binti akauliza, akajaza kiduara cha hapana kwa nguvu hadi wino ukaingia meza.

Pendekezo 139 lilikuwa zito zaidi. Aprili mwaka huo Mahakama ya Juu ya Arizona ilikuwa imefufua sheria ya 1864 iliyopiga marufuku karibu kila utoaji mimba. Mwaka 1864 Arizona haikuwa hata jimbo, na ardhi tuliyokuwa tumekalia ilikuwa imetoka mikononi mwa Meksiko miaka 16 tu kabla yake. Bunge liliifuta Mei, lakini raia walikuwa tayari barabarani: waliwasilisha saini zaidi ya 800,000, nyingi kuliko pendekezo lolote katika historia ya jimbo, ili haki ya kutoa mimba iandikwe katika katiba. Hata maneno ya kitabu yalipiganiwa hadi mahakamani, na mahakama ikaruhusu maelezo yaseme "binadamu asiyezaliwa". Mvulana alipofika maneno hayo alisita, akamtazama mama yake.

Komadre ni Mkatoliki wa rozari, si wa Krismasi. Aliinuka. "Mija, binti yangu, hapo mimi sisemi," akaenda kwenye sinki akafungua maji. Tukasikia masufuria. Mumewe akaitazama dari. Kisha, bila kugeuka, komadre akasema jambo ambalo mimi nililijua na mabinti hawakulijua: kwamba 2009, kati ya huyu binti na huyu mvulana, kulikuwa na mimba nyingine iliyoharibika yenyewe, na kwamba usiku ule alikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali saa mbili nzima, taulo mapajani, akiogopa kuingia asije akaulizwa makaratasi. Aliingia alipoanza kuona giza.

"Sijui sheria hiyo inasema nini," alisema. "Sitaki binti yangu akae garini."

Maji yakaendelea kutiririka. Binti akajaza kiduara. Sikuangalia kipi, ni kura yake, ingawa nadhani nilijua.

Likabaki 314. Kuvuka mpaka nje ya vituo rasmi kuwe kosa la jimbo. Kutumia nyaraka za uongo kuombea kazi au huduma, kosa jingine. Hapo hakuna aliyetania. Baba alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba labda wahamie jimbo jirani la New Mexico. Hakuna aliyemjibu. Binti alijaza hapana, akapuliza wino ukauke, akakunja karatasi zote mbili kwa uangalifu kama anakunja nguo ya mtoto.

Lilipita kwa asilimia 63, ingawa sehemu ya kuvuka mpaka ilifungwa kwa sharti kwamba haitatumika hadi sheria kama hiyo ya Texas au ya jimbo jingine ianze kufanya kazi. Jirani yao, mzaliwa wa mji wa mpakani wa Nogales, upande huu wa Arizona, jina lake la ukoo sawa na la komadre, alilipigia ndiyo na hakuficha. Kesho yake alikuja kuazima ngazi. Akapewa. Pendekezo 139 lilipita kwa karibu asilimia 62, katika uchaguzi uleule na kwa wapiga kura walewale, na kama bado unafikiri watu hupiga kura kwa mafungu, jaribu kuzipanga namba hizo mbili kwenye rafu moja. Pendekezo 138 lilianguka vibaya, karibu watu watatu kati ya wanne walilikataa. Florida, ambako komadre ana binamu, haki ya utoaji mimba ilipata asilimia 57 na ikaanguka hata hivyo, kwa sababu katiba yao inadai 60. Sharti hilo la 60 liliingizwa kwa kura ya 2006 iliyopata chini ya asilimia 58. Nilimweleza komadre na akaniomba nirudie, akidhani ni Kihispania changu.

Kwa San Francisco pia alidhani nimekosea. Kule tangu 2018, kwa pendekezo lililopitishwa na wapiga kura wa jiji mwaka 2016, mzazi asiye raia anaweza kupiga kura ya kuchagua bodi ya shule ya watoto wake. Alikaa kimya kidogo. "Na wanafanyaje, wanaingia tu?"

Januari 2025 nilipita kwao. Kima cha chini kilikuwa kimepanda kutoka dola 14 na senti 35 hadi 14 na senti 70, kwa ile ahadi ya 206 ya kufuata bei. Binti mhudumu alikuwa ameleta karatasi ya mshahara yenye dola 11 na senti 70 kwa saa, na mwanafunzi wa uhasibu akafanya hesabu ya kama 138 lingepita: dola 11 na senti kama 2. Tofauti senti 67 na kidogo. Kwa saa 25 za wiki ni karibu dola 17.

"Trei ya mayai ni ngapi sasa?" komadre akauliza.

Mayai yalikuwa yamepanda sana na homa ya ndege, wakaanza kubishana bei ya duka gani. Akaepua maharage, akatafuta pa kuyaweka, akavuta kile kitabu kinene cha maelezo ya kura kutoka juu ya friji na kukiweka chini ya sufuria.